Aliyekuja Kubadilisha Vantilatere

Usinicheke, dada. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, saa sita za mchana, hapa Kalundu, na siku hiyo sikuwa hata na malaria.

Mume wangu Bahati hupiga video za ndoa. Kazi yake yote iko ndani ya kisanduku cha diski, pembeni ya ordinatere, kompyuta yake. Mule mule ndimo alimokuwa Furaha, mke wake wa kwanza, aliyekufa kabla mimi sijaolewa. Kila jioni Bahati alifungua video ya ndoa yao, Furaha akaimba. Mimi niko jikoni nasonga ugali, wao wako sebuleni wanapendana. Wewe ungevumilia? Sikuwahi hata siku moja kwenda kumtazama. Sauti ilinitosha.

Basi, vantilatere, ile feni ndogo inayopoza kile kisanduku, ikaharibika. Ilikoroma siku mbili, kisha ikanyamaza.

"Mama, usiwashe hii kitu," Bahati akaniambia. "Bila upepo, diski itaungua. Nikirudi nitatafuta ingine."

Akaenda Sange kupiga video ya ndoa. Nami nikakiwasha kile kisanduku. Nikakifunika kwa kitenge changu kilichokunjwa mara mbili, nikakaa kungoja. Ndiyo, nilitaka Furaha afe mara ya pili.

Harufu ya moto ilikuwa imeanza kutoka niliposikia hodi. Mwanamke mwembamba, na kibegi mkononi.

"Minye nimekuja kubadirisha vantilatere."

"Nani amekutuma?"

"Bahati anajua."

Mlango wetu hukwama chini. Yeye aliusukuma kwa goti, kama tunavyofanya sisi wa nyumbani, akapita moja kwa moja. Moyo wangu ukawaka. Kumbe Bahati ana mwingine tena, na huyu ni mzima!

Akaondoa kitenge, akakikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Hakunigombeza. Akazima kisanduku, akafungua visi nne kwa turnevisi, bisibisi ndogo, akatoa vantilatere iliyokufa, akapuliza vumbi, akafunga mpya, akachomeka kawaya kake. Alipowasha, aliweka kiganja nyuma kusikia kama upepo unatoka. Kisha akanigeukia.

"Weye uko na yeye muzima. Minye nilibakia na sauti tu. Hata hiyo unaitaka?"

Akatoka. Nilipofika mlangoni, njia ilikuwa tupu. Jirani yangu alikuwa anaanika samaki wa ndagala palepale; nikamuuliza yule mwanamke amepita wapi.

"Nani?" akashangaa. "Kwako hakujatoka muntu."

Jioni Bahati alirudi, nikamweleza habari ya yule mwanamke. Akafungua ile video, akaniita. Niamini, bibi arusi alikuwa yule yule aliyekuja mchana.

"Alisema nini?" Bahati akanishika mikono yote miwili. "Mama, alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Wivu tu! Sikutaka apate hata neno moja lake.

Wewe uliyeolewa na mwanaume aliyefiwa, nisikilize: mwachie marehemu wake. Usishindane na mtu ambaye hazeeki. Tangu siku ile Bahati hakubali tena kazi ya mchana. Saa sita ikikaribia anaoga, anavaa shati safi, anakaa akitazama mlango. Nikimwita kula, hageuki.

"Ngoja kidogo, Mama," ananijibu. "Labda leo atasema."