Pikipiki Iliyokwenda Makaburini

Ubani na petroli vikikutana puani mwangu, kama asubuhi hii, nacheka kabla sijajizuia.

Baba alikuwa bodaboda pale Mabawa, na wezi walishamliza mara moja. Alipopata pikipiki ya pili alinunua kufuli na mnyororo mrefu. Ijumaa moja, akiwahi swala, akaifunga kwenye jeneza la chuma la kubebea maiti wa mtaa, lililowekwa ubavuni mwa msikiti.

"Mwizi gani atagusa jeneza?" akamwambia bibi, mama yake, aliyekaa nami barazani ng'ambo ya njia.

Swala ikaisha, kumbe jirani amefariki. Wanaume wakaja kulichukua jeneza, pikipiki nayo ikafuata.

"Ufunguo uko wapi?" imamu akauliza.

"Anao mama watoto," baba akajibu, macho chini. "Kaenda arusini Pongwe."

Imamu akauvuta mnyororo, haukuachia. "Basi sukuma."

Jeneza likaenda nyumbani kwa marehemu, likafukizwa ubani, kisha makaburini, na baba nyuma yake akisukuma pikipiki, kanzu imelowa jasho. Njia nzima watu walimpa pole wakidhani ndiye mfiwa.

"Hiyo haiibiki tena," bibi akasema, akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga.

Kweli haikuibwa, hata ilipolala nje bila kufuli. Ila mtaani hakuna abiria aliyekubali kuipanda tena isipokuwa mimi, niliyepelekwa shule kwa pikipiki mwaka mzima kama mtoto wa tajiri.