Kabureta Niliyopewa Kabla Mwenyewe Hajafika

Mimi ni mtu wa kazi ya wazee. Naingia majumbani mwao, nawaogesha, nawapa dawa, kisha naandika ripoti. Na kwenye ripoti tumefundishwa jambo moja: andika ulichokiona, usiandike ulichodhani. Haya ninayokusimulia yachukue hivyo hivyo. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe siijui ladha yake. Wala haikuwa usiku wa manane. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kazini, treni zimejaa. Ila hapa Stockholm mwishoni mwa mwezi wa kumi saa hiyo giza limeshaingia.

Nina pikipiki. Kina mama wenzangu wa Kitanzania wa kule Tumba hunicheka kwa hilo, nimeshawazoea. Ni ya Kijapani, ya miaka ya tisini, na naitengeneza mwenyewe, kwa sababu fundi wa hapa akiigusa tu, ufundi unazidi thamani ya chombo. Aliyenifundisha ni Baba Furaha, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu pale Rissne. Tunatumia pamoja chumba cha chini ya ghorofa letu. Yeye ndiye aliyenionyesha kubadilisha oili na kukaza mnyororo, na zaidi ya yote namna ya kutafuta spea. "Usinunue kwa jina, dada," huniambia, "nunua kwa namba." Maana kipande kimoja huweza kukaa kwenye pikipiki tatu tofauti, na kile cha pikipiki isiyopendwa na watu ndicho cha bei nafuu.

Mwaka juzi kabureta yangu ikaanza kuvuja petroli. Nilipotajiwa bei ya mpya nilidhani muuzaji ananitania. Nikawa kila nikipumzika napekua matangazo ya vitu vilivyotumika kwenye simu, wiki tatu nzima, hadi nikampata mzee mmoja wa Jakobsberg anayefungua pikipiki mbili kama yangu na kuziuza kipande kipande. Nitamwita Mzee Rune, ingawa silo jina lake. Kwa Kiswidi hakuna cha mzee wala bwana, kila mtu ni "wewe", lakini mimi ulimi unakataa. Tukakubaliana nifike Alhamisi, saa kumi na moja na nusu.

Nilifika dakika ishirini kabla. Nyumba ina taa moja ya nje. Gereji iko nyuma, ya mbao, na mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa. Nikasimama chini ya paa nikisubiri. Haukupita muda nikasikia pikipiki inakuja barabarani, inazimwa, kisha viatu juu ya changarawe. Akatokea mtu mrefu mwenye ovaroli ya bluu na kofia ya sufu. Akanitikisia kichwa, akafungua mlango. Ufunguo sikumwona akiutoa. Je, wewe ungekagua?

Mimi mtoto wa Tanga. Nikikutana gizani na mtu nisiyemjua, macho hushuka miguuni yenyewe. Nikatazama. Ilikuwa miguu ya binadamu, ndani ya viatu vya kawaida, ila wa kushoto aliuburuta.

Ndani akawasha taa. Akatia mkono nyuma ya makopo ya rangi, akanipa kabureta imefungwa kwenye gazeti.

"Hii ndiyo yako," akasema. "Iliyo juu ya meza usiichukue. Ina ufa."

Kisha akazunguka nyuma ya rafu, nikadhani ameenda kutafuta gasketi. Nikamsikia akisogeza makopo. Nikamulika namba iliyogongwa ubavuni mwa kabureta kwa tochi ya simu, nikakuta ndiyo hasa. Nikafurahi, niamini, nikaanza hata kuwaza nitakavyomringishia Baba Furaha.

Ndipo niliposikia pikipiki inakuja. Mlio ule ule. Ikazimwa. Viatu juu ya changarawe. Halafu kufuli likafunguliwa, kwa nje.

Akaingia mtu yule yule, ovaroli ile ile, kofia ile ile. Ila huyu alitembea sawasawa.

"Umeingiaje humu?" akauliza.

Hebu jiweke mahali pangu. Mwanamke mweusi, ndani ya gereji ya mzee wa Kiswidi, imefungwa kwa nje, na mkononi nimeshika mali ambayo sijailipia. Angekuwa jini, ningejua la kumsomea. Polisi ningewasomea nini?

"Umenifungulia wewe," nikamjibu. "Umenipa hii, ukaenda kule nyuma."

Tukatazama wote wawili. Nyuma ya rafu palikuwa na ukuta tu, hapana mtu wala mlango.

Nilingoja apige kelele, au atoe simu. Badala yake aligeuza ndoo akaikalia, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake amepita hapo asimkute.

"Alivaa nini?"

"Kama wewe."

Akanieleza kwamba kwao Värmland watu wa zamani walilijua jambo hilo. Mamake alikuwa akisikia mumewe anakanyaga barazani, anapangusa viatu, anaweka kahawa motoni, na mtu mwenyewe hufika nusu saa baadaye, kahawa ikiwa tayari. Anayetangulia humwita "vård", neno lile lile tunalotumia kazini kwetu kwa kuuguza watu. Mzee Rune mwenyewe alikuwa ameambiwa mara mbili tatu maishani kwamba amefika kabla hajafika. Lakini hajawahi kusikia kwamba huyo mwingine amesema neno.

"Alisema nini?"

Nikamwambia habari ya ufa. Akaenda mezani, akaichukua kabureta nyingine, akaimulika pande zote. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele, upande wa chini.

"Hii ndiyo niliyokuwekea," akasema. "Petroli ingedondokea injini ikiwa ya moto, nawe umekaa juu yake."

Hadi hapo kila kitu kilikuwa heri. Nilitakiwa nilipe, niage, niende zangu. Lakini akaniuliza, "Kuna lingine?" Nami, kwa woga na kwa mazoea ya kueleza kila kitu, nikasema:

"Alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto."

Mzee Rune akautazama mguu wake.

"Mimi sichechemei," akasema polepole.

Baba Furaha nilipomsimulia alirudi nyuma hatua mbili. "Eh, dada, ile kitu uirudishe kwenye uliitosha," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, yaani niirudishe nilikoitoa. Sikuirudisha. Niliifunga, pikipiki ikawaka mara ya kwanza, na hadi leo haijavuja hata tone.

Mwezi wa tatu nikampigia Mzee Rune kuuliza waya wa klachi. Barabara zilikuwa zimeshakauka, waendesha pikipiki wa hapa wanahesabu siku za kurudi barabarani. Akaniambia mwaka ule haendeshi.

"Kwa nini?" nikauliza, na huku najua.

"Sitaki kumpa yule nafasi," akasema. "Natembea kwa miguu."

Wiki mbili baadaye nilipoenda kuchukua waya nilikuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia yuko hospitali. Alikuwa akielekea stesheni asubuhi, akateleza kwenye kipande cha barafu kilichobaki kivulini, akavunjika mguu wa kushoto, juu karibu na nyonga. Nilipofika kitandani kwake alitabasamu kidogo.

"Nimemfikia," akaniambia.

Hajawahi kunilaumu. Lakini alikiri kwamba barafu hakuiona, kwa kuwa alikuwa anautazama mguu. Tangu Oktoba alikuwa anautazama.

Sasa kila Jumamosi ya pili naenda Jakobsberg. Yeye hukaa kitini na fimbo yake, mimi nachuchumaa. Yeye ananitajia bolti, mimi nafungua. Spea ananipa bure, nami sioni raha kuzipokea. Na kila nikifika kabla yake huniuliza, "Umeona mtu?" Namjibu hapana. Novemba iliyopita nilikuwa peke yangu uani, yeye yuko njiani anatoka kliniki. Nikasikia hatua juu ya changarawe, nyepesi, sawasawa, bila fimbo wala kuburuta. Sikugeuka. Dakika ishirini baadaye teksi ikamleta, akaniuliza swali lake. Nikamwambia sijaona mtu. Ni dalili kwamba mzee atapona? Au kwamba anaondoka duniani? Sijui, na sikutaka ajiulize kwa sababu yangu.

Kwa hiyo wewe unayetafuta spea za bei nafuu, zitafute, linganisha namba, kagua nyufa kwa tochi. Ila ukikutana na mtu aliyemtangulia mwenyewe, pokea anachokupa na ushukuru. Na mwenyewe akija akakuuliza kama kuna lingine, mwambie hakuna. Litamfika siku yake. Hadi siku hiyo, mwache atembee akitazama njia.