Yinping na Hospitali Isiyokuwepo

Darasani kwetu, katika chuo cha tiba ya jadi kule Lanzhou, Bao Yinping ndiye aliyekuwa na mikono myepesi. Mwalimu wetu wa tiba ya kuchoma sindano alipokosa mgonjwa wa kufundishia, alikunja shati na kutoa mkono wake mwenyewe, na wa kumchoma alimwita Yinping. Sisi wengine tulimtoa jasho.

Alikuwa binti wa mkulima. Kwao ni milima ya Min, kwenye baridi, ambako watu hulima danggui, ule mzizi wanaochemshiwa wanawake waliopungukiwa damu. Baba yake, Mzee Bao, aliulima tangu ujana, akiuona unapakiwa malorini kwenda kuwajengea wengine jina. Akaapa kwamba mwanawe ndiye atakayeandika dawa, si kuichimba.

Tulipohitimu ndipo tukajua tulivyokwama. Hospitali kubwa zilitaka wenye shahada ya pili. Ndogo zilitaka wenye leseni, na mtihani wa leseni huufanyi mpaka hospitali ikupokee kwanza, ufanye kazi chini ya daktari. Waliozaliwa na baba matabibu walirudi makwao wakavaa makoti meupe. Mimi nikaenda kuuza bima. Yinping alizunguka na vyeti vyake mpaka viatu vikaisha soli, mwishowe akaingia nyumba ya kuchua miguu karibu na Mto Manjano.

"Ni ya muda tu, dada," aliniambia. "Na angalau ni mwili wa binadamu."

Wateja walipojua amesoma wakamfanyia mzaha. "Kumbe una digrii? Haya, nikande kidigrii!" Yeye alicheka nao, akaendelea kukanda.

Nyumbani hakupanga kudanganya. Baba yake alimwuliza kwenye simu, "Umeshaanza kutibu watu?" Akajibu, "Nimeanza, Baba." Mengine mzee aliyamalizia mwenyewe: hospitali, ghorofa, koti, mpaka wauguzi wa kumbebea mkoba. Kijiji kizima kikapata habari.

Mwaka Mpya alipokwenda kwao alikuta majirani wamejaa uani, kila mtu na mkono wake wa kupimwa mapigo. Mzee Bao alisimama langoni kama askari. "Foleni! Foleni! Daktari hata hajanywa chai!"

Mama Hou, jirani yao mwenye ulimi, akamchokoza. "Na wewe Mzee Bao hupimwi? Au daktari wenu ni wa majirani tu?"

Mzee akacheka, akaketi, akamnyooshea binti yake mkono. Yinping akaweka vidole vitatu juu ya mshipa. Uliruka mgumu, umekaza kama waya. Akainua macho kumtazama usoni, na katika mwanga wa theluji akaona weupe wa macho ya baba yake umekuwa wa manjano.

"Baba, tangu lini huna hamu ya nyama?"

"Mimi sina neno. Nguruwe wa siku hizi ndio hawana ladha."

Watu wakacheka. Yinping hakucheka. Wageni walipoondoka akamwambia, "Twende Lanzhou, ukapigwe picha ya ini."

"Nichemshie dawa. Nimekusomesha ya nini?"

"Hii si ya kuchemsha, Baba."

Mzee akafikiri. "Sawa. Lakini nilazwe kwako. Kwa daktari wa watu wengine siendi."

Mama yake Yinping alikuwa jikoni akikata tambi. Kisu kikanyamaza.

"Sina hospitali, Baba," Yinping alisema. "Nachua miguu ya watu."

"Miguu."

"Ndiyo."

"Miguu ya wanaume?"

"Ya yeyote anayeingia."

Mzee aliinuka, akaenda kukaa na ng'ombe. Chakula alipelekewa huko huko. Yinping alimbembeleza mpaka siku ya kuondoka, lakini Lanzhou mzee hakwenda.

Masika, wakati wa kupanda miche, alianguka shambani. Ndipo mama na mjomba walipomleta mjini. Madaktari walisema ni saratani, ini halipasuliki tena.

Kila siku Yinping akitoka kazini alikuja moja kwa moja wodini. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, naye aliishika mmoja mmoja, akiikanda taratibu toka wayo kwenda juu. Mzee aligeukia ukutani. Miguu alimwachia.

Siku moja nilikwenda kumwona. Kitanda cha pili alilala dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. "Mzee mwenzangu," akasema, "huyo muuguzi umempata wapi? Mwambie anipitie na mimi."

Mzee Bao akageuka polepole. "Si muuguzi. Ni binti yangu. Kazi yake kuchua miguu." Akavuta pumzi. "Kasoma miaka mitano. Yinping, mkande na mwenzangu, mwanangu."

Yinping alimkanda dereva mpaka mwisho, bila kuinua uso. Kisha akatoka hadi kwenye korido, akaniangukia begani na kulia mpaka mkoba wangu wa bima ukadondoka.

Mzee alifariki kabla ya mavuno. Mazishini Mama Hou alimwuliza Yinping, kwa nia njema, yeye ni daktari wa hospitali gani. "Mama Hou, mimi nachua miguu," Yinping akamjibu mbele ya watu. Mama Hou akamfunga vizuri kitambaa cheupe cha msiba kichwani, akaenda kusaidia jikoni.

Daktari aliyemtibu mzee alimweleza kwamba hata wangekuja Mwaka Mpya, hali ingekuwa ile ile. Yinping hajamwamini.

Bado anachua miguu pale pale karibu na mto. Majuzi tulikutana kula tambi kwenye supu ya ng'ombe, nikamwuliza kama angeanza upya, angesomea nini.

"Kula, dada," akasema. "Tambi zinavimba."