Mikono Arobaini na Mmoja

Tegua hiki, wewe unayesoma: nyumba ina mlango mmoja, wanaingia watu elfu kwa mpigo, kila mmoja anakuta chumba chake, na hakuna anayemwona mwenzake. Nyumba gani hiyo?

Usikimbilie kujibu. Kwanza twende kwenye korido ya kliniki ya akina mama, saa nne asubuhi. Mwanamke mwembamba, kalamu kaichomeka kwenye nywele, anapita akigawa kadi. Wauguzi, wafagizi, mlinzi, dereva wa gari la wagonjwa, kila mtu anapewa kadi yenye jina la kubuni na majibu ya kubuni ya maabara. Simu ziko mikononi. Mwisho wa benchi amekaa bibi mwenye shali ya bluu, kimya, kama anayesubiri zamu yake.

"Nikifika tatu, wote bonyezeni pamoja," anasema mgawa kadi. "Asitangulie mtu, asichelewe mtu."

"Nikipata majibu ya ujauzito ya mlinzi, je?" mfagizi anauliza.

"Na mimi nikipata yako, naandika likizo ya uzazi leo leo," mlinzi anamjibu, na korido nzima inaangua kicheko.

Mgawa kadi hacheki. Hapa wanamwita Kabati, kwa sababu ukimwuliza habari za kompyuta lazima akutajie rafu. Ni mtengeneza programu, na ndiye aliyetengeneza ukurasa ambao mama mjamzito anaufungua kwenye simu, akasoma majibu yake bila kutoka nyumbani.

Kliniki inapokea akina mama mia tatu na arobaini kwa siku. Kabla ya ukurasa huo walikaa kwenye benchi hadi saa tano, wengine miguu imevimba, kungoja karatasi moja.

Ukurasa ulidumu siku moja. Akina mama wawili walibonyeza kwa wakati mmoja, na mmoja akasoma kwamba ana ugonjwa wa damu. Hakuwa nao. Alilia nusu saa nzima kabla muuguzi hajaleta karatasi yenyewe. Mwenye ugonjwa naye aliambiwa yuko salama, ikabidi atafutwe mpaka kwake.

Matroni, mkuu wa wauguzi, aliufunga ukurasa siku ileile. Akamwuliza Kabati mbele ya watu: "Majibu ya mama yako mzazi, ungeyaweka humo?"

Kabati anasimulia: "Niliondoka na swali lake, nikafika nalo nyumbani."

Nyumbani yuko mama yake, ambaye kwa miaka ishirini na sita alitunza mizigo ya abiria kwenye stendi ya mabasi. Vibao viwili vyenye namba moja: kimoja anafunga kwenye mzigo, cha pili anampa mwenyewe. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akauliza:

"Hiyo mizigo ya watu, mwanangu, umeifunga vibao, au umeiacha kaunta?"

Kabati alikaa chini. Alikuwa ameiacha kaunta.

Anaeleza taratibu, mikono ikichora rafu hewani. Kompyuta kubwa inayohudumia ukurasa, seva, haina macho wala kumbukumbu ya sura. Ukibonyeza inakujibu, halafu inakusahau palepale, kama hujawahi kuzaliwa. Kinachokurudisha kuwa wewe ni namba, ndefu, isiyobahatishika, ambayo simu yako inaibeba bila hata wewe kujua na kuionyesha kila inapogonga mlango. Kwa namba ile seva inafungua rafu yako, yako peke yako.

"Watu elfu, rafu elfu, kwa kupepesa jicho," anasema, na sauti inamshuka. "Miaka tisa kazini, bado nywele zinanisimama."

Umeitambua nyumba sasa?

Lakini ndani ya nyumba hiyo kuna pia ubao mmoja, wa wote. Siku za kliniki zinaandikwa pale, kila anayeingia anasoma. Kabati aliandika jina la mgonjwa kwenye ubao huo badala ya kuliweka rafuni. Aliyefuata akafuta, akaandika lake. Wa kwanza alipogeuka kusoma, akakuta ya mwenzake.

"Nilipojaribu mwenyewe, kila kitu sawa," anasema. "Mteja mmoja hawezi kuchanganya mizigo."

Mama yake hakumcheka. "Wiki yangu ya kwanza niliacha sanduku kaunta, likapanda basi la watu wengine. Tangu hapo hata marehemu baba yako akileta mfuko, namkabidhi kibao. Alikuwa ananuna huyo."

Kwa siku kumi na moja Kabati amehamisha kila kitu cha mtu kutoka ubaoni kwenda rafuni. Akifaulu, anataka kuupeleka ukurasa kwenye zahanati sita za pembezoni, ambako mama mjamzito hutembea kilomita kumi kufuata karatasi. Yakichanganyika hata ya mtu mmoja leo, Matroni ameshasema: benchi linarudi, na habari za ukurasa ziishe.

"Moja. Mbili. Tatu."

Vidole vinashuka. Mfagizi anasogeza kadi karibu na simu, analinganisha majibu, midomo ikichezacheza.

"Aliyepata majibu yake mwenyewe anyooshe mkono," anasema Matroni.

Mikono inapanda. Matroni anahesabu kwa kidole, anafika mwisho, anarudia.

"Kadi zilikuwa arobaini," anasema. "Mbona mikono ni arobaini na mmoja?"

Anamtazama bibi mwenye shali ya bluu. Mkono wake uko juu, simu iko kwenye ule mwingine, na kadi hana.

"Na huyu bibi anasoma majibu ya nani?"

Kabati anachomoa kalamu kwenye nywele, anaishika kwa mikono miwili.

"Ya kwake, Matroni. Huyu ni mama yangu mzazi. Majibu yake ya sukari, ya kweli, yamo humo tangu saa mbili asubuhi."