Kauli za Hashimu

Hadija alikuwa fundi cherehani mjini Lushoto, na kazi ilipopungua aliandika hadithi. Kitabu kizima alikianza baada ya mumewe, Hashimu, kuangukiwa na mti huko Magamba alikokuwa akipasua mbao. Hakutaka kusimulia kifo chake. Alitaka asikike akizungumza.

Hapo ndipo palipomtesa. Hashimu alikuwa na Kiswahili cha milimani. Sentensi aliianza kwa Kiswahili akaimalizia kwa Kishambaa, asante yake ilikuwa "hongea," na akimwita mama yake alilivuta neno kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Hadija alijaribu kurudufu herufi, akaona anamgeuza mumewe kichekesho. Akazipunguza, akabakiza maneno yale tu ambayo bila hayo Hashimu hakuwa Hashimu.

Mhariri wa Dar es Salaam aliipenda hadithi, ila alisema wasomaji wa mbali wangekwama. Mazungumzo yanyooshwe yawe Kiswahili sanifu. Hadija alibisha kidogo, kisha akakubali. Mama mkwe wake, bibi Saumu, alikuwa kitandani kwake Magamba na macho yake hayaoni tena. Hadija alitaka kitabu kimkute hai.

Kilimkuta. Hadija alikipeleka Magamba, akaamkia, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kusoma. Bibi Saumu alisikiliza mpaka pale kijana anaporudi kutoka msituni na kumwambia mama yake, "Shikamoo, mama. Nashukuru kwa kuniwekea chakula."

"Huyu ni nani?" akauliza bibi Saumu.

"Ni Hashimu, mama."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Hashimu wangu hakusema hivyo. Huyu ni mgeni, mwanangu. Labda karani."

Hadija alikiweka kitabu mapajani, akavuta pumzi, akayasema maneno kama mumewe alivyokuwa akiyasema mlangoni, shoka likiwa bado begani: "Mamaaa. Hongea."

Bibi Saumu aligeukia ukutani akalia bila sauti. Alipotulia akamwambia aendelee. Hadija akaendelea, na kila Hashimu alipofungua kinywa aliyaruka ya kwenye karatasi, akasema yale aliyoyakumbuka.

Ikawa desturi yao ya Ijumaa mpaka mvua za vuli, bibi Saumu alipofariki. Baada ya maziko Hadija aliomba kitabu kichapwe upya na maneno ya awali. Akaambiwa nakala za kwanza bado zimejaa ghalani. Nyumba ile ya Magamba ikafungwa, na hapakuwa na mwingine wa kumsomea ambaye angejua tofauti.

Siku moja mwalimu mmoja alikuja kupimwa gauni, akamsifia kitabu. Kilichompendeza zaidi, alisema, ni yule mume: anaongea Kiswahili safi, hata wanafunzi wake amewataka wamuige.

Hadija alimshukuru, akamwomba anyooshe mkono ampime bega.