Mgomba Uliozikwa Kando ya Barabara

Kwetu Songambele, mtu akifa mbali, na mwili wake usipatikane, ukoo hauwezi kumwacha hivihivi azurure. Wazee hukata shina la mgomba, hulivisha nguo zake, hulilaza kaburini na watu hulia kama kawaida. Baba yangu alizikwa namna hiyo. Alivuka Mto Kagera na gunia la kahawa kwenda kutafuta chumvi na sabuni, miaka ile ya baada ya vita ambapo duka la ushirika lilikuwa na mizani, karani na vumbi, basi. Hakurudi. Aliyerudi ni jirani yetu waliyevuka pamoja, kibarua ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, akiwa amelowa mpaka nywele. Alichoweza kusema ni kwamba mtumbwi ulipinduka, risasi zikalia ng'ambo, akamwita mwenzake na hakuitikiwa.

Mama hakukubali. Alisema mtu asiyeitika si lazima awe amekufa. Siku ya maziko alijifungia jikoni. Hakutupia udongo, hakunyolewa nywele kama wajane wanavyonyolewa, na wazee walipomsihi aliwaambia wakazike mgomba wao, wamwachie mume wake. Mwinjilisti naye alisema kanisa haliziki migomba, ingawa kwenye chakula alifika mapema. Kaburi lilichimbwa mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, kando ya barabara, ili aliyepotea aione njia ya kurudi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, lakini nililiogopa. Nikipita pale na ndoo ya maji nilihamia upande wa pili wa barabara, nikiwa na hakika kwamba kitu kilicholala mle chini, kimevaa shati la baba, kilikuwa kinanisikiliza.

Mama hakuogopa. Alipanda maharage mpaka ukingoni mwa kaburi. Watu wakisema "marehemu" mbele yake, aliwauliza marehemu gani. Lakini mbwa wakibweka upande wa barabarani aliacha kumenya ndizi, akatega sikio, kisu kikiwa hewani. Na mimi nilitega langu. Mbwa wakitulia, aliendelea kumenya. Tuliishi hivyo miaka mingi, na nilichoka vibaya sana.

Biashara zilipofunguliwa akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba, mtu wa maneno laini. Alitaka kujenga ghala kubwa la mazao, na mbele yake duka la jumla: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mabati. Alizunguka kijiji kizima akitafuta mahali, na palipompendeza ni mwisho wa kibanja chetu. Kwetu kwingine kote ni mteremko, pale tu ndipo lori lingeweza kugeuza.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano darasani. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Bibi mmoja wa jirani ndiye aliyeanza, bila hata kupewa ruhusa.

"Nimefua kwa majani ya mpapai mpaka vidole vimepauka," alisema. "Kahawa haina bei, ada za shule zimerudi, halafu chumvi niifuate kwa mguu mpaka Kibingo? Mnijengee hilo duka hata juu ya kitanda changu!"

Watu wakacheka. Mwenye kibanda cha duka hakucheka. Alisema tajiri huyo angeuza kwa bei ambayo yeye haiwezi, na kibanda chake kikishafungwa angewapandishia bei mpaka wakome. Alikuwa na hoja, siku hizi naiona vizuri. Lakini alikuwa na tabia ya kukata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vyembamba vya kuonea jua, kwa hiyo alizomewa mpaka akakaa.

Mimi nililitaka duka lile. Nililitaka kuliko wote mle ndani, na nilitaka katapila lipite pale niache kuvuka barabara na ndoo yangu.

Ndipo yule kibarua aliyerudi peke yake akasimama. Miaka yote hakuwahi kuzungumzia mto mbele za watu. Alimgeukia mama.

"Shemeji, tulivuka kwa sababu ya chumvi. Duka hilo lingekuwepo, tungekuwa nyumbani sote wawili. Na siku ya maziko nilishika jembe mwenyewe, ninajua tulichokiweka. Ni mgomba. Umeshaoza. Mle hamna mtu."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Mama, hata wewe umesema hivyo siku zote. Sema tena mbele ya mkutano tuandike, tumalize."

Neno lililotakiwa lilikuwa lake mwenyewe, alilotuchosha nalo. Akisema hamna mtu, zege linamwagwa, na kama roho ya baba ilikuwa imeipata njia ikaja kulala pale, basi ingelala chini ya magunia ya watu. Akisema yumo, basi mume wake amekufa, na aliyemtangaza ni yeye. Nilimkanyaga mguu chini ya dawati ili aseme haraka.

Akasimama.

"Yumo," alisema.

"Yumo nani, mama?"

"Mume wangu. Alikufa mtoni. Mlimzika pale, mimi sikutoka jikoni. Msimjengee juu yake."

Yule bibi aliyetoa kitanda chake ndiye aliyepiga ukunga wa kwanza. Wanawake wakaupokea, darasa zima likawa msiba, na kibarua akatoka nje akashika ukuta. Ghala halikutajwa tena. Mfanyabiashara alichukua kofia yake, na baadaye tulisikia amejenga Nyabiyonza.

Kesho yake hakuna aliyelima. Watu walikuja na ndizi na pombe ya rubisi, wakatandika nyasi sebuleni, wakakaa nasi kama vile baba amekufa jana. Mama alipelekwa kaburini, akachota udongo kati ya maharage yake, akautupa. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira naye. Nilimwambia mtu yeyote aliyenipa pole kwamba sijafiwa. Niligundua siku ile kwamba na mimi nilikuwa namngoja baba, tena kwa miaka yote ile ya kumnung'unikia mama, na sasa ameniondolea tumaini hilo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, bila hata kuniuliza.

Mjane hunyolewa na wifi yake, lakini baba hakuwa na dada aliye hai, kwa hiyo wembe nilipewa mimi. Mama alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akainamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi kuliko nilivyodhani. Nilinyoa upande mmoja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, unaamini kweli amekufa?"

"Siamini," alisema. "Endelea, hapo nyuma umeruka."