Kilima cha Wanormani Chini ya Kawa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu tuhamie Wembley, hapa Uingereza, safari yangu ndefu ni ya kutoka kwenye sofa mpaka kwenye birika, na hata hiyo huifikiria kwanza. Kwa hiyo binti yangu alipotangaza kwamba darasa lao linasoma Wanormani, na kwamba Jumatatu kila mtoto atasimama mbele ya wenzake aeleze ngome zao, nilifurahi kama niliyealikwa harusini. Hatimaye vita ninavyoweza kupigana nikiwa jikoni.

Skuli niliishia kidato cha nne, na Wanormani hawakutufikia. Tulisomeshwa Wareno, Waomani, Wajerumani na Waingereza. Hakuna aliyetwambia kwamba hao Waingereza nao waliwahi kutawaliwa. Binti akinisomea kitabu chake, vitunguu vyangu vikiungua. Kumbe Wanormani walikuwa maharamia wa kaskazini, wakapewa ardhi Ufaransa ili watulie. Wapi! Wakajifunza Kifaransa, wakaoa hukohuko, wakavuka bahari wakaichukua Uingereza, na jamaa zao wakateremka mpaka Sisili, ambako mmoja wa wafalme wao alivaa joho lililotariziwa maandishi ya Kiarabu. Hapo nikazima jiko kabisa, nikavuta kiti.

Binti yangu nyumbani mdomo haumkai, lakini darasani hanyanyui mkono. Aliniambia, kwa kile Kiingereza chake cha kunikata maneno, kwamba akiwa na ngome mbele yake watu wataitazama ngome, hawatamtazama yeye. Bila ngome, hasimami.

Wanormani wakifika pahala walirundika kilima cha udongo, juu yake wakasimamisha mnara wa mbao, chini wakazungushia uwanja uzio. Wenzake walikuwa wananunua udongo wa kuchezea. Nikamwambia kilima tunacho. Nikasonga ugali wa sembe, mgumu wa kumpigia mtu, nikaupindua kutoka kwenye bakuli kubwa juu ya sinia. Kotmiri ikawa nyasi, vijiti vya mishikaki vikawa uzio, boksi la majani ya chai likawa mnara. Nilijipongeza mwenyewe, maana nikingoja wengine nitachoka. Kisha nikakifunika kwa kawa langu la ukili kutoka Pemba, kilima kisije kikakauka, nikenda kusali alasiri. Baada ya sala nikajinyoosha kidogo, na kidogo changu mimi watu wanakijua.

Sasa kwetu sinia lililofunikwa kawa halihitaji maelezo. Ni chakula alichowekewa aliyechelewa kazini. Na mdogo wa mume wangu, ambaye tunakaa naye na anapakia mizigo uwanja wa ndege, ndiyo kwanza alikuwa ametoka shifti.

Kilichoniamsha ni sauti ya binti. Mtoto huyu namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza tangu ajue kusema, lakini siku hiyo yalimtoka maneno ya bibi yake.

"Mama, njoo! Ami kala kilima changu!"

Nikamkuta shemeji yangu vidole vinang'aa mchuzi wa samaki. Mnara alikuwa ameuweka kando kwa adabu. Upande mzima wa nyuma wa kilima haupo.

"Shemeji," akasema, "mimi nilipoona vijiti nikajua mishikaki mmeshaila, mkanibakishia ugali. Nikasema alhamdulillahi, hata kotmiri wamenipambia."

Cheko lilinijia, nikalimeza, kwa sababu binti alikuwa analia na kuapa kwamba Jumatatu hendi. Unga nao ulikuwa umekwisha. Nikaanza kutafuta viatu niende dukani, na nje mvua inanyesha, jambo lililowashtua wote wawili kuliko lile shimo. Shemeji, kwa kuona haya, akauliza kama wenyeji wa hapa walikubali tu kujengewa vilima juu ya vichwa vyao.

Binti akafuta machozi. Akasema hawakukubali, waliasi. Na baadaye ngome nyingine maadui walizichimba kwa chini mpaka zikaporomoka. Akalitazama shimo. Akachukua kijiko, akalichonga vizuri, akaegemeza njiti za kiberiti ndani kama nguzo za handaki.

"Usiguse," akamwambia ami yake, ambaye mkono ulikuwa unarudi kwenye sinia. "Wewe umeshashambulia."

Jioni nzima hatukukaa kitako. Binti akieleza, shemeji akizingira ngome kutoka nyuma ya sofa langu, mimi nikitetea mnara kwa mwiko.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe kwa basi, sinia mapajani, kawa juu. Mchana aliporudi akaanza kusema toka mlangoni, hajavua viatu. Alipoeleza nani aliyeivunja ngome darasa lilicheka, wakamuuliza maswali, wakauacha mnara wakamtazama yeye, naye akajibu mpaka mwalimu akamwomba akae ili wengine nao wapate zamu. Yote hayo alinisimulia kwa Kiingereza, isipokuwa sentensi moja, ambayo sasa darasa zima linaijua: Ami kala kilima changu.